Risala ya Wanafunzi wa Sosholojia kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kurejesha Matokeo ya Utafiti kwa Wakazi wa Mtaa

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Wilaya yetu,
Ndugu Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa na wajumbe wako,
Ndugu Mtendaji wa Kata,
Walimu wetu, wazee wetu, akina mama na vijana wenzetu, itifaki imezingatiwa.

Shikamooni wazee wetu. Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Tumsifu Yesu Kristo.

Kwa niaba ya wanafunzi wa shahada ya kwanza ya Sosholojia tunakushukuru kwa kuacha majukumu yako mengi ukaja kuketi nasi hapa kwenye uwanja wa ofisi ya mtaa, Dar es Salaam, na jua hili. Chuoni kuna ukumbi wenye viyoyozi, na barua ya kuuomba tulikuwa tumeshaiandika. Wakazi ndio waliokataa. Walisema matokeo yasomwe mbele ya walioyatoa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, utafiti huu unahusu vyoo, na hasa kutapisha vyoo wakati wa masika, yaani kutoboa shimo lililojaa ili mvua ibebe uchafu. Tulipokuja tulikuwa na dodoso la kipato cha kaya, limepitishwa na msimamizi na limechapishwa tayari. Swali la kwanza lilitaka kujua mkuu wa kaya ni nani na anaingiza shilingi ngapi kwa mwezi. Katika kikao cha kufahamiana, mama mmoja anayekaanga samaki barabarani akalishika, akalisoma, akaturudishia: "Wanangu, mimi hesabu ya mwezi sina. Niulizeni jioni nimebakiza nini baada ya unga, mkaa na mafuta." Mzee aliyekuwa pembeni akaongeza lake. Nyumba anayoishi ina vyumba sita na wapangaji sita, kila mmoja na chungu chake, lakini choo ni kimoja. Basi mkuu wa hapo ni nani? Kikao kikahama kutoka kipato kwenda chooni, na hakikurudi tena.

Maswali tuliyotumia yalitungwa na wakazi pamoja nasi. Hii ndiyo maana ya utafiti shirikishi, na si jambo la kuagiza kutoka nje. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Marja-Liisa Swantz, mtafiti kutoka Finland aliyekuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliwashirikisha wanafunzi wa chuo katika utafiti wa vijijini Mkoa wa Pwani, wanakijiji wakiwa watafiti wenzao. Mwaka 1975 ukaanza mradi wa Jipemoyo wilayani Bagamoyo, uliounganisha wizara iliyoshughulikia utamaduni na Akademia ya Finland. Mwanzoni mwa miaka hiyohiyo ya 1970 mtafiti Budd Hall alikuwa akifanya kazi Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima hapahapa jijini, na baadaye akawa mmoja wa walioipeleka njia hii duniani. Leo wanafunzi wa sosholojia wanaisoma kwenye vitabu vya Ulaya na Marekani, kumbe ilikomaa umbali wa nauli ya daladala.

Karibu zaidi na wakati wetu, kuanzia mwaka 2015, mradi wa Ramani Huria uliwachukua wanafunzi, wakiwemo wa Chuo Kikuu Ardhi, wakatembea na wakazi kwenye mitaa inayofurika na kuchora mitaro na njia za maji. Wa mipango miji walifika. Sisi wa sosholojia tulikuwa maktaba.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tuliyoyakuta ni haya. Shimo likijaa, gari la kunyonya majitaka haliwezi kupita kwenye vichochoro vyetu. Mwenye nyumba mara nyingi anakaa kwingine na anaonekana siku ya kodi. Wapangaji wanaanza kuchangishana, mmoja anasema anahama mwezi ujao, mwingine anasema yeye hutumia choo cha kazini, na mchango unafia hapo. Mvua kubwa ikinyesha usiku, mtu anatoboa ukuta wa shimo upande wa chini, maji yanabeba. Asubuhi uchafu umefika kwa jirani wa bondeni, ambaye naye usiku huohuo ametapisha cha kwake.

Kila mtu anamjua aliyetapisha. Hasemwi. Tulidhani wakazi wanaogopa ugomvi, lakini wao wenyewe, tulipokaa nao kuyapanga majibu, walitueleza vingine: jirani huyo ndiye atakayebeba maiti ya nyumbani kwako na kuandika jina lako kwenye daftari la rambirambi. Huwezi kumpeleka kwa afisa afya Jumatatu ukamhitaji Alhamisi. Maelezo hayo ndiyo kiini cha ripoti yetu, na hakuna dodoso ambalo lingeyapata kwa kubisha hodi mara moja na kuondoka.

Ndiyo sababu tunaleta jambo moja kabla ya maombi yetu mengine, na tunalisema kwa heshima zote. Watu hawa wametueleza kitu ambacho sheria inakitoza faini. Ripoti haina jina la mtu wala namba ya nyumba, kama tulivyowaahidi na kama Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inavyotutaka tuwe waangalifu. Hata hivyo mtaa ni mdogo. Tunakuomba, Mheshimiwa, uwahakikishie wakazi leo hii, kwa kauli yako, kwamba kilichosomwa hapa hakitageuzwa orodha ya kukamatia watu masika yajayo. Wakiadhibiwa kwa kusema kweli, wenzetu watakaokuja mwakani watapewa majibu ya kuwaridhisha tu, na halmashauri itapanga bajeti kwa majibu hayo.

Changamoto nyingine ni ya barua. Mafunzo kwa vitendo hufanyika wakati wa likizo ndefu. Barua ya chuo inakwenda mkoani, mkoa unaandika wilayani, wilaya inaandika kwa mkurugenzi, mkurugenzi kwa kata, kata kwa mtaa. Utaratibu huo una sababu zake na hatuupingi, ila unakula nusu ya likizo, na anayeanza kazi amechelewa hulazimika kujaza madodoso harakaharaka. Tunaomba wilaya iwe na afisa mmoja wa kupokea maombi ya wanafunzi kwa pamoja.

Kuna pia suala linalowahusu walimu wetu, nao wametuvumilia tuliseme. Ripoti zetu huandikwa kwa Kiingereza, zinapewa alama, zinafungwa. Safari hii tumeandika muhtasari wa kurasa mbili kwa Kiswahili, na nakala ziko mezani kwa mtendaji. Tunaomba Kamati ya Maendeleo ya Kata itupe nafasi ya kuusoma kwenye kikao chake kijacho, tukiwa na wakazi wawili waliofanya nasi utafiti, wao wasome na sisi tujibu maswali ya mbinu.

Mwisho ni ombi la wakazi wenyewe, walilolipitisha wiki iliyopita. Wapo vijana wa jiji hili wanaotoa majitaka kwa pampu ya mkono na kuyasafirisha kwa pikipiki ya matairi matatu, ambayo hupita pale lori lisipopita. Wakazi wanaomba manispaa iwasaidie kupata huduma hiyo kwa bei inayolipika kidogokidogo, na serikali ya mtaa iwaite wenye nyumba wote kabla ya masika, wakubaliane nani anachangia nini. Sisi tumejitolea kuandika muhtasari wa kikao hicho.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, baada ya risala hii utaongozwa kwenda kuona vyoo vitatu ambavyo wenyewe wameridhia vionekane. Njia ina matope, na viatu vya mpira vipo ofisini kwa mtendaji.

Naomba kuwasilisha.