Hoteli ya kijani tutaijua huko nyuma, sio kwenye kadi ya taulo

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niseme na hawa wenye hoteli na kampuni za utalii. Siku hizi kila tangazo lina kijani pembeni, kajani fulani hivi, na maneno "rafiki wa mazingira", na mi nimefanya usafi wa vyumba miaka tisa, kwa hiyo nikiliona lile jani nacheka kwanza alafu ndo nakasirika.

Ile kadi ya bafuni mnaijua. Mpendwa mgeni tusaidie kuokoa maji, taulo ukiitundika tutaelewa unaitumia tena, ukiiweka chini tutakubadilishia. Pale nilipoanzia kazi kila chumba kilikuwa nayo, imepigwa laminesheni kabisa. Wiki yangu ya kwanza naingia chumba nakuta mtoto wa watu katundika taulo zake vizuri, nikaziacha kama kadi inavyosema. Supavaiza akaja nyuma yangu akazivuta zote akazitupa kwenye toroli. Namwambia si kadi imesema? Akanijibu kadi ni ya mgeni, sisi tuna fomu, na kwenye fomu kuna kisanduku cha "taulo safi, hazina mkunjo", nisipotiki naandikiwa mimi. Basi ikawa hivyo miaka yote niliyokaa pale, mgeni anatundika, sisi tunashusha, mashine inazunguka. Yule mama simlaumu, na yeye alikuwa anakaguliwa.

Baadaye sana ndo nikaja kusoma kwamba kumbe hata lile neno la Kiingereza la kujipaka kijani, yaani kujifanya rafiki wa mazingira wakati sio, grinwoshingi, lilizaliwa na kadi hiyohiyo! Mwanamazingira mmoja wa Marekani, Jay Westerveld, alikutana nayo kwenye hoteli huko Fiji, inamwomba asaidie kulinda bahari kwa kutumia taulo tena, na wakati huohuo hoteli inaendelea kujenga vibanda vingine vya wageni. Mwaka 1986 akaliandika. Miaka arobaini hivi imepita na kadi bado iko palepale ukutani.

Sasa nisieleweke vibaya, kadi yenyewe haina ubaya na wageni sio wagumu. Kuna utafiti ulitoka Marekani mwaka 2008, walibadilisha maneno tu: kadi ya kawaida ya kulinda mazingira ilipata kama asilimia 35 ya wageni wakatumia taulo tena, ile iliyosema wageni wengi wa hoteli hii hufanya hivyo ikapata asilimia 44. Maneno tu hayo. Kwa hiyo mgeni yuko tayari, anayemwangusha ni fomu ya supavaiza. Na hilo ndo langu kubwa: ahadi yoyote mnayompa mgeni kama haimo kwenye fomu ya ukaguzi, kwenye maelekezo ya dobi, kwenye ratiba ya fundi, hiyo ni tangazo, msiiite mazingira.

Mfano mwingine. Bosi wetu alipanda mti siku ya mazingira, wakaja watu wa kamera, suti, jembe jipya lina stika bado. Mche ulikauka baada ya wiki mbili tatu hivi kwa sababu hakuna aliyeambiwa kumwagilia, bustani ina mtu wake lakini ule mche haukuwa kwenye eneo lake. Nacheka lakini inauma. Na mapipa yale ya rangi tatu, moja karatasi, moja plastiki, moja mabaki, mgeni anasimama pale anafikiria kabisa chupa aiweke wapi, alafu jioni tunabeba yote matatu tunamwaga kwenye gari moja kwa sababu hakuna aliyeingia mkataba na wanaonunua taka zilizotenganishwa. Ukitaka kutenganisha taka anza na kujua gari gani litakuja kuzichukua na siku gani, pipa nunua mwisho.

Maji taka sasa. Hapa sitaki utani. Boracay kule Ufilipino, kisiwa kile cha mchanga mweupe, serikali ilikifunga kwa watalii miezi sita mwaka 2018, Aprili mpaka Oktoba, kikubwa kikiwa ni majitaka yaliyokuwa yanaingia baharini kutoka kwa biashara zenyewe za utalii. Fikiria, hoteli inauza bahari na hapohapo inaichafua kwa bomba lililofichwa chini ya mchanga. Waliofuata sheria wakafungiwa pamoja na waliovunja, wafanyakazi wakarudi nyumbani. Nikisikia mtu anasema mtambo wa kusafisha maji taka ni gharama huwa nawaza ile miezi sita ni bei gani. Na mtambo ukishakuwepo uwe na mtu anayeujua, sio ule umefungwa siku ya uzinduzi na pampu yake imezimwa ili kubana umeme.

Wenye boti nao wasijifiche nyuma ya sisi wa hoteli. Maya Bay, ghuba ya kisiwani huko Thailand, ilifungwa mwaka huohuo 2018, Juni, matumbawe yalikuwa yameharibiwa sana na nanga na msongamano wa watu, ikafunguliwa tena Januari 2022. Ila ilivyofunguliwa boti haziingii tena kwenye ghuba, zinashusha watu upande wa nyuma wa kisiwa wanatembea kwa miguu, na idadi ya watu kwa zamu ina kikomo. Papa wa ncha nyeusi walirudi kwenye maji yale. Sio kwamba watalii walihubiriwa wakawa watu wema, hapana, walibadilisha mahali boti inaposimama. Sehemu nyingine boya la kufungia boti linatosha kabisa, nanga isishuke kwenye matumbawe, basi.

Jikoni kuna kitu rahisi mpaka aibu. Sahani. Watafiti walijaribu kwenye hoteli za Norwei, wakapunguza ukubwa wa sahani za bufee, mabaki ya chakula yakashuka karibu asilimia 20, na mgeni hakunyimwa kitu, akitaka anarudi. Mi nimeona sahani inarudi jikoni na nyama haijaguswa, keki imeng'atwa mara moja, yote inaingia ndooni, na chakula kile kililimwa kwa maji, kikasafirishwa kwa mafuta, kikapikwa kwa gesi. Vile vichupa vya shampuu navyo, mgeni anatumia tone mbili sisi tunatupa chupa nzima, weka chupa kubwa ya kubonyeza ukutani na ifungwe vizuri isichezewe. Taa za ulinzi zinazoelekea baharini pia zigeuzwe na zifunikwe, watoto wa kasa wakitoka kwenye yai hufuata mwanga wakidhani ni bahari wanaishia kwenye maegesho ya magari.

Najua nitaambiwa ndege ndo inachafua zaidi. Ni kweli safari ni kubwa, utafiti wa mwaka 2018 ulisema utalii wote kwa ujumla, pamoja na usafiri, manunuzi na chakula, ni kama asilimia 8 ya gesi joto duniani. Lakini ndege sio kisingizio cha boila lako la kuchemshia maji kuchoma dizeli mchana kutwa na jua liko juu ya paa.

Nimalizie na fundi mmoja. Hoteli ya pili niliyofanya haikuwa na jani wala kadi, ila ilikuwa na fundi bomba, mtu mkimya, alikuwa anasoma mita kubwa ya maji saa sita usiku na anairudia saa kumi alfajiri, wakati wageni wamelala na sindano inatakiwa iwe karibu imesimama. Siku moja akaikuta inazunguka. Akaniomba funguo za vyumba visivyo na watu tukaenda wote, anatia matone ya rangi ya chakula kwenye tangi la choo, tunasubiri dakika kumi hivi bila kuflashi. Vyoo vitatu rangi ilitokea kwenye bakuli. Vilikuwa vinavuja kimyakimya, husikii hata sauti, choo kibovu cha hivyo kinaweza kumwaga mamia ya lita kwa siku. Akabadilisha mipira ya kuzibia maji tangini yote mitatu kabla ya chai, usiku uliofuata akarudi kwenye mita akaandika namba kwenye daftari lake lenye mafuta mafuta.

Lile daftari ndo ningependa kulikuta mapokezi siku nikiwa mgeni.

Ni mimi,
Mhudumu wa vyumba wa zamani