Mita 14 za msingi: wito wa harambee kwa nyumba ya walimu

Ndugu wazazi, walezi na wote mliosoma hapa,

Mwaka juzi mlituchangia fedha, tukaziba nyufa za nyumba ya walimu kwa saruji na kuipaka rangi. Ikapendeza. Masika yalipokwisha na jua la Julai kuanza kuchoma, nyufa zilirudi pale pale, na safari hii sarafu ya shilingi 200 inapenya bila kusukumwa. Kosa ni letu sisi wanakamati: tulitibu ukuta, kumbe mgonjwa ni ardhi. Tunarudi kuomba tena, ila kwanza tuwaeleze fedha zitakwenda wapi.

Mtu akisikia Mwanza hufikiria mawe. Ni kweli kwa mwenye kiwanja Mabatini au Igogo. Shida yake ni kulipasua jabali, si kulitafuta. Sisi tuko bondeni, upande wa kwenda Magu, juu ya mbuga, udongo mweusi ule ule unaotupa mpunga. Kila aliyeulima anaujua: masika unavimba na kuganda kwenye jembe, kiangazi unapasuka hadi mguu wa ndama unazama. Nyumba iliyokaa juu yake hunyanyuliwa na kushushwa kila mwaka, tena si sawasawa. Kwetu upande wa jikoni paa halina gata, maji yote yanamwagika mguuni mwa ukuta. Upande wa pili ipo mikaratusi mitatu inayofyonza. Huku kunavimba, kule kunanywea, na tofali halijui kupinda.

Walimu walituonya mapema, tukadhani wanamlalamikia seremala. Mlango wa jikoni ulikuwa ukigoma Machi, ukifika Septemba unafunguka wenyewe. Kisha ufa ukaanzia kona ya dirisha, ukapanda kama ngazi kwa kufuata maungio ya tofali, mwembamba chini, mpana juu. Sakafu nayo ikaachana na ukuta. Wenye nyumba mbugani, kaangalieni kwenu pia. Ufa mwembamba kama unywele kwenye plasta usikunyime usingizi, plasta hukauka ikanywea. Huo wa ngazi, unaokua, ndio wa kuogopa. Mvua ya radi ikianza, familia ya chumba cha nyuma huwahamishia watoto sebuleni.

Safari hii hatukukisia. Tulibandika jasi juu ya nyufa sehemu tano, tukaandika tarehe. Jasi haivutiki, ukuta ukisogea, inakatika. Baada ya miezi mitatu nne zilikuwa zimekatika, zote upande wa jikoni. Ya tano, ya mbele, ni nzima hadi leo, na ndiyo maana hatuombi fedha za kuzunguka nyumba nzima. Kisha tukachimba shimo kando ya ukuta wa jikoni. Msingi uliishia futi 1 na nusu, mawe yamepangwa kwa tope juu ya mbuga tupu. Changarawe ngumu tuliikuta futi 4 na nusu. Aliyejenga alisimama futi 3 kabla ya kufika. Huenda fedha zilimwishia, jambo ambalo sisi si wa kumcheka.

Kazi yenyewe ni kuushusha msingi mpaka kwenye changarawe, kwa urefu wa mita 14 za ukuta upande wa jikoni. Fundi anachimba chini ya ukuta kipande cha mita moja, anamwaga zege la moja kwa mbili kwa nne (saruji, mchanga, kokoto), na kuacha upenyo mdogo juu. Zege likishika, upenyo ule unashindiliwa mota kavu, yaani saruji na mchanga vyenye maji kidogo tu, ukuta ukae sawasawa. Hachimbi vipande viwili vinavyopakana. Anaruka, anarudi baadaye, na kila zege linamwagiliwa maji siku 7. Fundi atakayekwambia anauchimba upande mzima kwa siku moja, mpe nauli arudi kwao. Ni kazi ya polepole na lazima iishe kabla ya mvua za Oktoba. Mwishoni nyufa zinashonwa kwa nondo, gata linafungwa, na zege lenye mteremko linamwagwa kandokando ili maji yaende mferejini.

Mikaratusi wengi mmetaka tuikate leo. Tuvumilieni. Mti mkubwa ukiondoka ghafla, maji uliyokuwa ukiyanywa yanabaki ardhini, mbuga inavimba upya. Mwaka huu tunapunguza matawi tu.

Sasa ombi. Mita moja inameza mifuko 3 na nusu ya saruji, pamoja na mchanga, kokoto na ujira wa fundi. Ukoo, jumuiya, darasa mliomaliza pamoja, chukueni mita yenu. Ukiweka zege la kandokando, saruji yote ni mifuko 65. Wazazi wa hapa wameshakubali kuchimba kwa zamu na kubeba maji ya kumwagilia, hilo msilihesabu. Anayeona bora alete mfuko wa saruji kuliko fedha, karibu, ila usiwe ule uliogandia stoo. Asiye na vyote aje na sururu.

Harambee ni Jumamosi ya mwisho ya Mei, saa 4 asubuhi, chini ya mwembe wa shule. Kabla ya hapo mwekahazina yupo ofisini kila Jumamosi na kitabu cha stakabadhi, na kila mita itaandikwa ubaoni pamoja na aliyeichukua. Tunajua tunawaomba mlipie kitu kitakachofukiwa. Kwa hiyo kila kipande kitapigwa picha kabla ya kufukiwa, futikamba ikiwa imesimamishwa ndani. Shimo la kwanza bado liko wazi, tumelizungushia miiba kwa ajili ya watoto. Piteni mchungulie.

Wabeja sana.

Katibu, Kamati ya Ujenzi