Kwa wanangu mliopanga vyumba mitaani Morogoro

Wanangu,

Nawasalimu nyote. Barua hii ni yenu nyie wa mwaka wa kwanza mliokosa hosteli mkaja kupanga kwetu, Mafiga, Mazimbu, Chamwino, Kihonda na kwingineko. Nimeuza mboga Soko Kuu, hili linaloitwa Chifu Kingalu siku hizi, na kwa fedha ya mboga nikajenga vyumba sita uani kwangu. Wanafunzi wengi wamepita hapa, na yapo ninayoyajua ambayo dalali hatawaambia.

Mwaka mmoja nilikuwa na mpangaji, kijana mpole kutoka Kanda ya Ziwa. Kodi alilipa ya miezi sita kwa mkupuo. Alitoka alfajiri, akarudi usiku, na shikamoo yake aliitoa huku anatembea. Wiki moja nikaona ndoo yake ya maji mlangoni, imejaa pomoni. Kesho yake bado imejaa, na mdudu anaelea juu. Nikajua kasafiri. Siku ya tatu mwenzake wa chumba cha pili akasikia mtu anaugulia ndani. Tulivunja kitasa, tukamkuta sakafuni, mwili wa moto, midomo imepasuka. Malaria. Tulimpakia kwenye bodaboda, mimi nyuma nimemkumbatia asidondoke. Alipona, namshukuru Mungu. Lakini pale dirishani hospitalini walipouliza jina la mgonjwa, nililijua moja tu. Namba ya mzazi sikuwa nayo. Mtoto alilala hatua kumi kutoka jikoni kwangu miezi minne! Kosa lile ni langu mimi mwenyeji, na linaniuma hadi leo.

Ndiyo maana nawaomba: jitambulisheni. Siku ya kuhamia piga hodi kila mlango, sema jina lako, chuo chako na kwenu ni wapi. Mwachie mama mwenye nyumba namba ya mzazi. Mkichanga ya umeme wa luku, kaeni mzungumze, msitumiane pesa kwenye simu tu kila mtu kajifungia ndani. Mama ntilie wa kona akikujua, siku boom, ile fedha ya mkopo ya kujikimu, limechelewa anakuandika kwenye daftari na sahani ya wali maharage unaipata. Asiyekujua atakuandika vipi? Na boom likiingia, mlipeni yeye kwanza, ndipo mtazame viatu.

Siku hizi kuna jambo lingine. Tangu treni ya SGR ianze Juni 2024, wale wa Dar kila Ijumaa wako stesheni. Simlaumu mtoto kumkumbuka mama yake. Ila ukifanya hivyo wiki zote, utamaliza miaka mitatu unaijua stesheni na geto lako basi. Maji ya Ruvu mliyokunywa huko Dar yameanzia kwenye milima hii ya Uluguru mnayoipa mgongo.

Nendeni sokoni, na msiende kununua tu. Kuna akina mama wanateremsha kabichi, karoti na njegere kutoka Mgeta. Wewe unayesoma kilimo SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, umefundishwa ugonjwa wa kabichi kwa jina la Kilatini. Yule mama anaugeuza kwenye jani kwa kidole, anakuonyesha ulipoanzia na mvua iliyouleta. Kaa naye, muulize, mbebee tenga moja. Jioni fungu linashuka bei, hapo ndipo pa mwanafunzi.

Na mnaosoma Mazimbu, msipite tu mkiwahi kipindi. Pale palikuwa shule ya wapigania uhuru wa Afrika Kusini, na walituachia majengo yale mwaka 1992. Kampasi hiyo ya SUA imebeba jina la Solomon Mahlangu, mpigania uhuru wa kwao aliyenyongwa 1979 akiwa na miaka 22. Umri wenu huo. Makaburi ya wenzake yako palepale, wamelala kwetu mbali na mama zao. Wazee wa Mazimbu bado wanawakumbuka, kwa kuwa vijana wale walicheza mpira na watoto wa hapa. Waulizeni watawasimulia. SUA yenyewe ilianza 1984, mwaka ambao Waziri Mkuu Sokoine, mwenye jina la chuo, alifariki kwa ajali ya gari huku huku mkoani kwetu, Dakawa.

Wenye nyumba wenzangu, nanyi nawageukia kidogo. Tusiwajue watoto hawa tarehe ya kodi peke yake. Mlango ukifungwa siku mbili, gongeni.

Mimi Jumamosi nashinda barazani nachambua mchicha. Yule kijana wa malaria ameshahitimu, kila Idi ananipigia. Nyie wa mwaka huu bado sijawajua majina. Njooni, vigoda vipo.

Mama yenu,
Mafiga, Morogoro