Mapande ya udongo yanatuvurugia kalenda

Ndugu Mhariri,

Tunaandaa kijitabu cha shule kuhusu familia ya mkulima Mjerumani aliyehamia Nebraska, Marekani, mwaka 1873: baba, mama, watoto wanne, jozi moja ya maksai na ng'ombe mmoja wa maziwa. Familia ni ya kubuni, ila kazi zake hatutaki zibuniwe. Tumekwama kwenye miezi mitano ya kwanza, na tunaamini waliolima kwa plau na waliojenga kwa udongo watatukwamua kuliko wanahistoria.

Sheria haitusumbui. Ile ya ardhi ya mwaka 1862 (Homestead Act) ilimpa mkuu wa kaya ekari 160 kwa ada ya jumla ya dola 18. Mgeni alikubaliwa mradi awe ametangaza rasmi nia ya kuwa raia. Hati alipewa baada ya kukaa na kulima pale miaka 5, mashahidi wawili wakimthibitisha. Ndani ya ukanda wa reli mgao ulikuwa ekari 80 tu, kwa hiyo familia yetu tumeiweka mbali na reli. (Kwamba ardhi hiyo ya "bure" ilikuwa ya Wapawnee na wenzao, hilo lina sura yake.)

Shida ni nyumba. Mbuga ile haina miti ila michache kando ya vijito, kwa hiyo ukuta ulijengwa kwa mapande ya ardhi yenyewe, udongo ulioshikwa na mizizi ya nyasi. Plau maalumu ilikata utepe wa upana wa sm 30 na unene wa sm 10, kisha utepe ukakatwa kwa sepeto vipande vya sm 60. Vililazwa nyasi zikitazama chini, safu mbili sambamba ili ukuta uwe na unene wa sm 60, na kila baada ya safu kadhaa vikalazwa kwa kukingama ili kufunga ukuta. Yalikatwa yale tu yatakayojengwa siku hiyohiyo, maana pande likikauka linapukutika. Juu ya fremu ya dirisha iliachwa nafasi na kujazwa matambara au nyasi, kwa kuwa ukuta hushuka kadiri unavyokauka. Asiyeacha nafasi hiyo alipasua kioo. Paa lilikuwa mwamba (boriti ya kileleni) mmoja mnene, makombamoyo, fito, nyasi, kisha mapande mengine juu. Mvua ikinyesha siku moja, ndani hudondoka siku mbili zaidi, na mwamba dhaifu huvunjika kwa uzito wa udongo uliolowa.

Sasa hesabu. Maelezo mengi hurudia kwamba nyumba ya takriban mita 5 kwa 6 ilimaliza nusu ekari ya mapande. Sisi tumepima: kuta za urefu wa mita 2.1 kwenda juu, ukitoa mlango na madirisha mawili, ni mita za ujazo kama 29. Ongeza paa na pembe zake, unafika 34. Kwa unene wa sm 10, hiyo ni mita za mraba 340, yaani chini ya sehemu moja ya kumi ya ekari. Ni mapande kama 1,900, kila moja likiwa na kilo 23 hivi likiwa bichi, jumla tani 44. Nusu ekari ingetoa mapande zaidi ya 11,000. Tukikadiria kwamba watu wazima wawili wanakata, wanasomba na kulaza 150 kwa siku, hesabu yetu inawapa siku 13. Nusu ekari inawapa siku 75. Hapo ndipo kalenda inapovunjika.

Inavunjika kwa sababu kuvunja mbuga, yaani kuilima kwa mara ya kwanza, hakungoji. Majani yalipaswa kupinduliwa yakiwa yanakua kwa nguvu, Mei hadi Juni, tena kwa kina cha sm 5 hadi 7 tu, ili yaoze. Ukichelewa au ukizamisha plau, yanachipua upya. Kwa mfuo wa sm 30, ekari moja ni mwendo wa km 13.5 nyuma ya plau, bila kuhesabu kugeuza. Na pale palipokatwa mapande ya nyumba hapahesabiki kama shamba, kwani udongo wake wa juu umeshakwenda ukutani. Mwaka wa kwanza walipanda mahindi kwa kutoboa mapande yaliyopinduliwa kwa shoka. Mavuno yalikuwa haba. Julai na Agosti ni kukata hei, la sivyo maksai hawavuki majira ya baridi.

Ekari zilizovunjwa mwaka huo zina uzito kwetu, maana mwaka uliofuata, 1874, nzige walishuka mwishoni mwa Julai wakala mahindi yakiwa bado shambani, ilhali ngano nyingi iliyopandwa majira ya machipuko ilikwishavunwa. Familia yenye ekari 5 tayari kwa ngano inavuka. Yenye mahindi matupu inaomba msaada.

Njia ya mkato ipo: kuchimba chumba kwenye ukingo wa kijito na kujenga ukuta wa mbele tu. Ni kazi ndogo sana, lakini maji huingia na ng'ombe hupita juu ya paa hadi wakatumbukia.

Tunaomba ushauri kwa haya. Udongo wenye mizizi hupoteza kiasi gani kwa kuvunjika wakati wa kubeba, na hushuka kiasi gani ukikauka? Upotevu huo waweza kuziba pengo kati ya hesabu yetu na nusu ekari, au tuiache nusu ekari? Jozi moja ya maksai wanaokula majani tu inaweza kuvunja ardhi ambayo haijawahi kulimwa, au lazima tuwakopeshe jozi ya jirani, nao walipe kwa siku za kazi? Na je, mngewaweka kwanza kwenye shimo la ukingoni, nyumba ikangoja Septemba?

Wenu,
Walimu wawili wa historia, Njombe