Barua ya wazi kwa Waziri wa Mazingira: tukabidhini timbo, tulifanye msitu

Mheshimiwa Waziri wa Mazingira wa kaunti yetu,

Salamu za heshima. Nakuandikia kutoka kaskazini ya Mombasa, ambako kila nyumba ya mawe ya mjini imeacha shimo mahali. Mashimo hayo sisi twayaita matimbo, nami nimezaliwa kando ya mojawapo. Marehemu babangu alichonga mawe humo kwa shoka mpaka mgongo ukamkatalia. Baadaye zikaja mashine, na jiwe zuri lilipokwisha, mchimbaji wa mwisho akapakia mashine zake akaondoka. Leo timbo ni jaa la nepi, chupa na manyoya ya kuku. Masika maji hutuama, na watoto huogelea pasipo kujua kina chake.

Ombi letu ni moja: tukabidhiwe timbo hili kwa maandishi tulifanye msitu wa jamii.

Najua tutaambiwa kwamba pale ni jiwe tupu, mti hauoti. Lakini mwendo mfupi tu kutoka kwetu, Bamburi, matimbo ya kiwanda cha saruji yalikuwa jiwe tupu vilevile. Mwaka 1971 mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, René Haller, alijaribu kupanda humo aina 26 za miti. Zilizosalimika ni tatu, mvinje ukiwa mmoja wao. Mvinje una vijidudu mizizini vinavyovuta naitrojeni kutoka hewani, kwa hiyo humea hata pasipo rutuba. Tabu ikawa majani yake, yale yaliyo kama sindano. Yalirundikana chini bila kuoza, na bila kuoza hapana udongo. Walioiokoa kazi ile ni majongoo. Walipoletwa waliyala yale majani, na kinyesi chao kikageuka udongo ambao miti mingine iliota juu yake. Leo matimbo yale ni bustani ya wanyama, na shule nyingi za Pwani hupeleka watoto huko kuona twiga na kobe. Natamani kila mwalimu angewainamisha pia watazame ardhi wanayoikanyaga.

Nasi tuna ushahidi wetu. Ukingoni mwa timbo, upande wa mashariki, kuna mivinje mitano iliyojiotea. Mwezi uliopita nilipiga magoti chini ya mmoja nikafukua kwa mkono. Juu ya jiwe jeupe nilikuta udongo mweusi, kina cha vidole viwili, wenye harufu ya mvua. Jongoo mmoja wa miguu myekundu akajikunja kama kifungo kiganjani mwangu. Nilimrudisha polepole, maana yeye ameshaanza kazi tunayoiomba.

Mheshimiwa, kupanda tumeshapanda. Tarehe 13 Novemba 2023, siku ile taifa zima lilipopewa mapumziko ya kupanda miti, lori lilituletea miche. Tulichimba mashimo kwa mtaimbo, tukapanda, tukapigwa picha. Siku ya nne mbuzi wakaingia. Kaskazi, ule msimu wa jua kali, ilipopamba moto ilibaki michache tu, ile ambayo mama mmoja mzee jirani yetu aliizungushia magunia akawa anaipelekea maji kwa ndoo kila magharibi. Simlaumu aliyeleta miche. Hapakuwa na mtu mwenye idhini ya kuwazuia mbuzi wala lori la taka, kwa kuwa hapakuwa na aliyejua timbo ni la nani. Serikali kuu inataka miti bilioni 15 ifikapo 2032. Hesabu ya kweli ni ile itakayofanywa kaskazi tatu baada ya kupanda.

Wazee wetu wa Kimijikenda walilijua hili. Kaya, yaani makao yao ya kale yanayoheshimiwa kama patakatifu, zimebaki misitu hadi leo, na kumi kati yake ziliingizwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 2008, kwa sababu kila mtu alijua ni wazee gani wanaosimamia, mti gani haukatwi na njia gani haipitwi. Kule Gazi, Kwale, wanakijiji wanalinda mikoko chini ya mradi wa Mikoko Pamoja tangu 2013, na fedha wanazolipwa kwa hewa ya ukaa ambayo mikoko huifyonza zimeleta maji na kusaidia shule. Nao wana makubaliano yaliyoandikwa.

Nasisitiza maandishi kwa sababu ya hofu yetu kubwa: tukishalifanya timbo kijani, atatokea mtu na hati. Karura, Nairobi, ulikuwa msitu wa serikali unaojulikana, na bado ulikuwa ukigawiwa wajenzi. Januari 1999 Profesa Wangari Maathai alipigwa hadi kuvuja damu kichwani alipokwenda kupanda mti pale. Kama Karura uliponea chupuchupu, timbo lisilo na karatasi litaponea wapi?

Sheria ya misitu ya 2016 inautambua msitu wa jamii na kuturuhusu kusajili chama. Tunachohitaji kwako ni mpima ardhi kwanza, ijulikane kama timbo ni la umma, la jamii au la mtu. Kisha makubaliano ya miaka mingi, malori ya taka yapigwe marufuku, na tangi la maji kwa kaskazi mbili za mwanzo. Ua tutapanda wenyewe, wa mkonge. Vijana wako tayari kwa kitalu. Tutaanza na mivinje, na kivuli kikishapatikana tuingize mikwaju, mitondoo, mivule na mbambakofi. Kina mama wataokota kuni zilizokauka, kwa zamu, kwani msitu ambao jirani zake hawapati hata ukuni hautalindwa na mtu.

Masika huingia mwishoni mwa Machi, na miche inahitaji miezi kadhaa kitaluni. Tukikupata kabla ya Oktoba, tutawahi. Njoo asubuhi, jua halijachoma jiwe, na uvae viatu vya kukanyaga mawe. Wazee watakupokea kwa madafu, nami nitakupeleka kwenye ile mivinje mitano.

Wako kwa heshima,
Mwana wa mchonga mawe, kwa niaba ya majirani wa timbo