Msiwapige picha, wasifuni

Ndugu Mhariri,

Mimi na mjukuu wangu tukipanda kivuko cha Kigamboni hushindana kuona mitindo ya nywele ya zamani. Juzi tulibahatika: mzee mwenye kalikiti, ile mitindo ya nywele zilizotiwa dawa zikajiviringa ya miaka ya 1980, mafuta yanang'aa hadi kola ya shati imelowa. Kando yake mama kasukwa kwa uzi mweusi, kila fungu limesimama kama mwiba wa nungunungu. Mjukuu hakuwahi kuona! Nikamweleza kuwa uzi hunyoosha nywele bila dawa wala moto.

Kinachoniudhi ni vijana wanaowapiga watu hawa picha kwa siri na kuzirusha mitandaoni. Sisi tulimwamkia yule mama, tukamsifu. Akainamisha kichwa, mjukuu akashika.

Msomaji wenu,
Kigamboni, Dar es Salaam