Anayeuza chupa moja kwa kila goti hafanyi tiba ya Kichina

Ndugu Mhariri,

Matangazo ya "dawa ya Kichina ya viungo" yamezagaa kila kona: kwenye nguzo za umeme, redioni, kwenye makundi ya WhatsApp, na mara nyingine kwenye kurasa za magazeti yetu. Karibu yote yanaahidi kitu kimoja: nunua chupa, meza vidonge siku chache, na magoti, mgongo na vidole vilivyokakamaa vitalegea. Naandika kuitetea tiba ya Kichina dhidi ya wanaouza jina lake, kwa kuwa jinsi tiba hiyo inavyoyatazama maradhi ya viungo hairuhusu kabisa dawa moja kwa watu wote.

Viungo vinavyokaza na kuuma, Wachina huviweka katika kundi la maradhi liitwalo bi, hali ambayo njia za mwilini zimeziba na damu pamoja na qi, yaani nguvu inayouendesha mwili, hazipiti sawasawa. Huangdi Neijing, kitabu chao kikongwe cha tiba chenye umri wa takriban miaka 2,000, kinaeleza katika sura ya 43 ya sehemu ya Suwen kwamba upepo, baridi na unyevu vikiingia mwilini kwa pamoja ndipo bi huzuka. Halafu hapo hapo kinaanza kutenganisha. Upepo ukizidi, maumivu huhama: leo bega, kesho kiwiko. Baridi ikizidi, maumivu huwa makali na hukaa pale pale, na kiungo hupata nafuu kikipashwa moto. Unyevu ukizidi, kiungo huwa kizito, kimevimba, mara nyingine kina ganzi. Madaktari waliofuata wakaisisitiza aina nyingine, bi ya joto, ambayo kiungo huwa chekundu na cha moto. Na ugonjwa ukikaa miaka, huingia katika hali ya ini na figo kudhoofika, kwa kuwa katika mfumo huo ini hutunza kano na figo hutunza mifupa. Ini na figo hapa ni majina ya kazi za mwili kwa hesabu ya Kichina. Mtu asikimbilie kupima figo kwa sababu ameambiwa hivyo.

Kwa hiyo mgonjwa akisema "goti limekaza", kazi ndiyo kwanza inaanza. Mtabibu aliyesoma atauliza: linakaza asubuhi tu au kutwa? Linachukua muda gani kulegea? Ukilikanda kwa maji ya moto unapata nafuu au linazidi? Mvua ikikaribia linakuwaje? Ataangalia ulimi, kama una utando mweupe mwembamba, mweupe mzito unaonata, au wa njano juu ya ulimi mwekundu. Atashika mapigo kwenye vifundo vya mikono yote miwili kwa vidole vitatu. Kisha ataweka kiganja juu ya goti linalouma, akihamishie kwenye lile zima, akirudishe tena, maana joto la kiungo hupimwa kwa mkono. Atabonyeza pembeni mwa pia ya goti aone kama kuna maji, na atalikunja polepole aone linagomea wapi. Yote haya huchukua nusu saa hivi. Kliniki inayokupa vidonge kabla ya kufanya hata nusu yake inauza bidhaa tu.

Swali la muda wa asubuhi lina uzito hata hospitalini. Goti lililokaza baada ya kulala na kulegea ndani ya nusu saa mara nyingi ni la kulika kwa gegedu, ule utandu laini unaofunika ncha za mifupa kwenye kiungo; ni ugonjwa wa umri, uzito na kazi ngumu. Vidole vya mikono yote miwili vinavyokaza saa nzima au zaidi, vikiwa vimevimba, vinaelekeza kwenye baridi yabisi inayotokana na kinga ya mwili kujishambulia. Huyo anahitaji vipimo vya damu na dawa za hospitali mapema, kabla mifupa haijaanza kuharibika.

Hapa ndipo kosa kubwa la kwetu lilipo. Sisi kila kiungo kinachouma tunasema "baridi imeingia", na tiba ya baridi ni moto: maji ya moto, mafuta yenye pilipili, kuchuliwa kwa nguvu. Kwa bi ya baridi hilo ni sawa kabisa. Kwa bi ya joto ni kuongeza kuni kwenye moto. Kidole gumba cha mguu kilichovimba ghafla usiku, chekundu, kisichovumilia hata shuka, huenda ni jongo. Kiungo kimoja kilichovimba chenye moto, na mgonjwa ana homa, kinaweza kuwa na usaha ndani, na usaha hula gegedu kwa siku chache tu. Huyo ni wa hospitali siku hiyo hiyo, si wa sindano za Kichina, zile nyembamba zinazochomwa bila dawa ndani, wala wa kukandwa. Mtoto anayelia viungo mara kwa mara apimwe selimundu. Na homa kali iliyoacha viungo vikiwa vimekaza kwa wiki au miezi huenda ni chikungunya, ugonjwa uliotambuliwa kwa mara ya kwanza kusini mwa Tanganyika mwaka 1952.

Kwa goti la baridi, lile linalouma pale pale na kupenda joto, tiba ya Kichina ina moksa. Ni majani makavu ya mmea wa jamii ya pakanga, yaliyotwangwa na kuviringishwa kwenye karatasi. Kijiti huwashwa na kushikwa sentimita 2 hadi 3 kutoka kwenye ngozi, dakika 10 hadi 15 kila sehemu, hadi ngozi iwe nyekundu na joto lizame ndani. Malengelenge si dalili ya dawa kufanya kazi, ni mgonjwa kuunguzwa. Mwenye kisukari aliyepoteza hisia miguuni asichomwe moksa, kwa sababu hatajua anapoungua, na kidonda chake hakitapona upesi.

Sindano kwa goti huwekwa kwenye vishimo viwili vilivyo chini ya pia ya goti, kushoto na kulia kwake. Nyingine huwekwa Zusanli, upana wa vidole vinne vya mgonjwa mwenyewe chini ya kishimo cha nje, na upana wa kidole kimoja nje ya ukingo wa muundi. Nyingine tena huwekwa Yanglingquan, mbele na chini kidogo ya kichwa cha mfupa mwembamba wa nje ya mguu. Sindano hizo zina unene wa milimita 0.25 hadi 0.30 na hukaa dakika 20 hadi 30. Pakiti ifunguliwe mbele yako na sindano itumike mara moja tu. Vishimo vya goti viko karibu sana na uwazi wa kiungo, na sindano chafu hapo inaweza kupeleka vijidudu ndani kabisa. Kwa kawaida hupangwa mara 8 hadi 12, mara moja au mbili kwa wiki. Zikipita sita bila tofauti yoyote, mtabibu mwaminifu hurudi kwenye uchunguzi badala ya kukuuzia nyingine kumi.

Je, zinafanya kazi? Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2004, wenye watu 570 wenye magoti yaliyolika, ulionyesha sindano halisi zilipunguza maumivu kuliko za kuigiza, kwa kiasi cha wastani. Utafiti wa Ujerumani wa mwaka 2006, wenye watu zaidi ya 1,000, ulikuta sindano halisi na za kuigiza zinalingana, ingawa zote mbili zilishinda tiba ya kawaida. Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2022 hauzipendekezi kwa magoti yaliyolika. Ule wa madaktari wa viungo wa Marekani wa mwaka 2019 unazikubali kwa masharti. Ninavyoona mimi, sindano zinaweza kumpunguzia mtu maumivu, lakini hazirudishi gegedu, na anayekuambia zinarudisha anakudanganya.

Kitu kilichopata ushahidi mzuri zaidi ndicho ambacho hakuna anayekitangaza, pengine kwa sababu hakina chupa: taichi, yale mazoezi ya polepole ya Kichina. Mwaka 2016 watafiti wa Marekani waliwagawa watu 204 wenye magoti yaliyolika, baadhi wakafanya taichi mara mbili kwa wiki kwa wiki 12, wengine tiba ya mazoezi ya hospitali. Matokeo yalilingana. Mwongozo ule ule wa 2019 unaipendekeza taichi kwa nguvu. Anayeanza asimame wima kidogo, asichuchumae sana, goti lisipite ncha za vidole vya mguu. Makosa yanayoumiza hutokea kwenye kugeuka: mguu umebaki umekanyaga na mwili umezunguka, goti likasokotwa. Geuza kisigino kwanza, ndipo mwili ufuate.

Tukija kwenye miti shamba, mchanganyiko maarufu kwa viungo vya muda mrefu ni Du Huo Ji Sheng Tang, wa tabibu Sun Simiao wa karne ya 7. Una dawa 15, mdalasini ukiwa mojawapo. Du huo, mzizi unaoupa mchanganyiko jina, huwa gramu 9 na nyingi ya zilizobaki gramu 6 kila moja. Huchemshwa kwenye chungu au sufuria ya chuma cha pua, si ya alumini. Loweka nusu saa kwa maji baridi yanayozifunika dawa kwa sentimita 2 au 3, chemsha, punguza moto, acha dakika 30 hadi 40, chuja. Chemsha mara ya pili, changanya maji yote, gawa asubuhi na jioni, unywe yakiwa vuguvugu. Mabadiliko hutazamiwa kwa wiki, si kwa usiku mmoja.

Ndani ya mchanganyiko huo kuna xi xin, ambayo haipaswi kuzidi gramu 3, na mwongozo rasmi wa dawa wa China tangu 2005 unaruhusu mizizi yake tu, kwa sababu majani yana zaidi asidi ya aristolokia inayoharibu figo na kuleta saratani ya njia ya mkojo. Si hofu ya vitabuni hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 nchini Ubelgiji, wanawake wengi waliharibika figo baada ya dawa iitwayo fang ji, inayotumika pia kwa bi ya unyevu, kuchukuliwa nafasi na mmea mwingine wenye jina linalokaribiana, guang fang ji. China yenyewe iliufuta mmea huo mwaka 2004. Mwenye kutumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, aogope dang gui iliyomo kwenye Du Huo Ji Sheng Tang, kwani huongeza hatari ya kuvuja damu. Mjamzito auache kabisa mchanganyiko huo.

Hatari zaidi ni chuan wu na cao wu, mizizi ya bi ya baridi kali. Zisipochemshwa saa moja au zaidi kabla ya dawa nyingine, sumu yake hubaki: midomo na ulimi hufa ganzi, kisha moyo hupiga ovyo, na hakuna dawa maalumu ya kuizima sumu hiyo. Kuzilowesha kwenye pombe ili kunywa kidogo kidogo ni hatari kubwa, kwa maana pombe huivuta sumu vizuri.

Na vile vidonge vinavyomnyanyua mtu kitandani usiku mmoja? Hakuna mzizi wa bi unaofanya hivyo. Tangu miaka ya 1970 madaktari wa Marekani walishaeleza wagonjwa walioharibikiwa damu kwa vidonge vya "miti shamba ya Kichina" vilivyochanganywa kwa siri dawa ya kiwandani, fenilibutazoni. Siku hizi kinachotiwa zaidi ni steroidi, dawa kali za kuzima uvimbe zinazofanana na homoni ya mwili, kama deksamethazoni, pamoja na diklofenaki. Dalili zake zinaonekana: hamu ya kula inapanda ghafla, uso unakuwa mviringo, sukari na shinikizo la damu vinapaa, miguu inavimba, kinyesi kinakuwa cheusi kwa vidonda vya tumbo. Ukiacha, maumivu yanarudi kwa kishindo, nawe unarudi dukani.

Tanzania ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 na Baraza lenye kazi ya kusajili watoa tiba na dawa zao. Ombi langu kwenu, Mhariri: msichapishe tangazo la dawa ya viungo lisilo na namba ya usajili ya mtoa tiba na ya dawa yenyewe, na mwandishi wenu azihakiki namba hizo kabla tangazo halijatoka.

Kwa msomaji ambaye tayari ana chupa ya namna hiyo nyumbani: kama umevimeza vidonge kwa wiki tatu au zaidi, usiviache ghafla. Steroidi ikizoeleka mwili huacha kutengeneza ya kwake, na kuikata mara moja kunaweza kukuangusha. Nenda hospitali na chupa, boksi na kikaratasi chake, umwambie daktari unahofia kuna steroidi ndani, akupunguzie dozi hatua kwa hatua. Ukiwa umeshaacha, kisha ukaanza kutapika, kulegea kupita kiasi, kizunguzungu ukisimama au kuzimia, usisubiri asubuhi.

Msomaji wenu,
Dar es Salaam